Kostiki Iliyotumika Viwandani: Kupoza Makali Si Kusafisha

Kaunti ya Kiambu ina viwanda vingi vinavyotegemea maji. Thika kuna viwanda vya nguo, sabuni na mafuta ya kupikia. Ruiru na Githunguri kuna viwanda vya maziwa. Bidhaa zao hazifanani, lakini vingi kati yake hutumia kemikali moja: kostiki soda. Baada ya kazi, kemikali hiyo hutoka ikiwa imechanganyika na mafuta, rangi, maziwa au uchafu mwingine. Wataalamu huiita kostiki iliyotumika, na ni miongoni mwa majitaka magumu kutibu.

Suala hili linamgusa mkazi moja kwa moja. Mto Chania hukutana na Mto Thika mjini Thika, na maji yake huishia katika bwawa la Masinga kwenye Mto Tana. Mito ya Ruiru na Ndarugu huelekea Mto Athi, ambao hufika Bahari Hindi ukiitwa Sabaki. Njiani kuna wakulima wa mboga, wafugaji na familia zinazochota maji ya nyumbani. Kinachomwagwa juu hunywewa chini.

Somo hili linaeleza kostiki iliyotumika ni nini, kwa nini kuipoza kwa asidi peke yake hakutoshi, jinsi kiwanda kinavyoweza kuirudisha kazini, na maswali ambayo mkazi ana haki ya kuuliza.

KOSTIKI NI NINI NA INATUMIKA WAPI

Wengi wanayajua magadi yanayotiwa kwenye maharagwe au githeri ili viive haraka. Hayo ni soda hafifu, jamaa ya ile inayochimbwa katika Ziwa Magadi, Kaunti ya Kajiado. Kostiki ni ndugu yake mkali zaidi. Tangu zamani watu walijua kwamba soda ya magadi ikichemshwa pamoja na chokaa, hutoa kostiki. Siku hizi kostiki nyingi duniani hutengenezwa kwa kupitisha umeme kwenye maji ya chumvi.

Sifa yake kuu ni kuvunja mafuta na protini. Ndiyo maana hutumika hivi:

1. Viwanda vya maziwa. Mabomba na matangi husafishwa bila kufunguliwa, kwa kuzungusha ndani yake maji moto yenye kostiki ya asilimia 1 hadi 2. Kostiki hung'oa mafuta na protini za maziwa. Baadaye hupitishwa asidi ili kuondoa ukoga mgumu wa madini.

2. Viwanda vya vinywaji. Chupa zinazorudishwa huoshwa kwa kostiki ya moto, ambayo hutoa uchafu na kubandua lebo.

3. Viwanda vya nguo. Pamba huchemshwa kwa kostiki hafifu ili kuondoa nta na uchafu wa asili. Kisha baadhi ya vitambaa hupitishwa katika kostiki kali ya zaidi ya asilimia 20 ili ving'ae, viwe imara na vishike rangi vizuri. Hatua hiyo huitwa mesaraizesheni, kutokana na jina la John Mercer, Mwingereza aliyeigundua katika karne ya 19.

4. Viwanda vya sabuni na mafuta. Kostiki huchanganywa na mafuta kutengeneza sabuni, na pia hutumika kuondoa uchachu katika mafuta ya kupikia.

5. Viwanda vya kusafisha mafuta ghafi. Kostiki huosha petroli na gesi ili kuondoa salfa. Kenya ilikuwa na kiwanda cha aina hii Changamwe, Mombasa, kilichoanza kazi mwaka 1963 na kuacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013.

HESABU YA MAKALI

Ukali wa kemikali za aina hii hupimwa kwa kipimo cha pH, kinachoanzia 0 hadi 14. Maji safi yasiyo na kitu huwa na pH ya 7. Chini ya hapo ni asidi, kama maji ya ndimu. Juu ya hapo ni alikali, kama maji ya majivu. Jambo linalosahaulika ni kwamba kila hatua moja ya kipimo ni mara kumi. Maji yenye pH ya 12 yana alikali mara 1,000 kuliko maji yenye pH ya 9.

Kostiki ya asilimia 2, ile inayosafisha mabomba ya maziwa, huwa na pH inayokaribia 14. Kwa hesabu tupu, lita moja ya kostiki hiyo huhitaji takriban lita 50,000 za maji yasiyo na kitu kingine ili pH ishuke hadi 9. Maji ya mto yana madini yanayosaidia kupunguza makali, kwa hiyo mambo hayaendi sawasawa na hesabu hiyo. Hata hivyo inaonyesha kwa nini ile hoja ya "mto utaichanganya tu" haifai. Wakati wa kiangazi, mto mdogo hauna maji ya kutosha kuchanganya chochote.

pH ikipanda, samaki huumia kwa njia mbili. Matamvua yao huchomwa na alikali yenyewe. Tena, amonia inayotokana na mbolea na vinyesi, ambayo katika maji ya kawaida huwa katika umbo lisilo na madhara makubwa, hugeuka kuwa umbo lenye sumu kwa samaki kadiri pH inavyopanda. Mto ambao tayari una uchafu wa mashamba na makazi huumia zaidi.

Mabwawa ya kutibu majitaka ya mji nayo hudhurika. Kazi ndani ya mabwawa hayo hufanywa na bakteria, na bakteria hao hustawi katika maji ambayo si makali. Shehena moja ya kostiki ikifunguliwa ghafla kwenye bomba la majitaka inaweza kuwaua au kuwadhoofisha. Hapo majitaka ya kaya zote zilizounganishwa na bomba hilo hutoka bila kutibiwa ipasavyo.

KUPOZA SI KUSAFISHA

Njia rahisi ambayo kiwanda huifikiria kwanza ni kumimina asidi hadi pH ishuke. Kipimo kikisoma 7, karatasi hutiwa sahihi na maji huachiliwa. Hapa ndipo pana kosa linalopaswa kueleweka na kila mkazi: pH ya 7 inaonyesha kwamba makali yamepoa. Haionyeshi kwamba maji ni safi. Yapo mambo matatu ambayo kipimo hicho hakiyaoni.

La kwanza ni uchafu uliobebwa. Kostiki iliyoosha mabomba ya maziwa imebeba mafuta na protini. Iliyochemsha pamba imebeba nta na wanga. Vitu hivyo vikifika mtoni, bakteria huvila na kutumia hewa ya oksijeni iliyo majini. Samaki hukosa pumzi hata kama pH ni nzuri. Kwa sababu hiyo maji hupimwa pia kiasi cha oksijeni ambacho uchafu wake utahitaji ili uoze.

La pili ni chumvi. Asidi haiondoi kostiki. Huigeuza kuwa chumvi inayobaki ndani ya maji. Kilo moja ya kostiki ikipozwa kwa asidi ya salfuriki huhitaji takriban kilo 1.2 za asidi hiyo, na huacha karibu kilo 1.8 za chumvi ya sodiamu. Chumvi hiyo haionekani, hainuki na haichujwi kwa kitambaa. Mkulima anayemwagilia sukumawiki kwa maji yenye sodiamu nyingi, msimu baada ya msimu, huona udongo wake wa mfinyanzi ukishikamana, ukiacha kupitisha maji na kuwa mgumu kama saruji ukikauka. Shamba lililofikia hali hiyo huchukua muda na gharama kulirudisha.

La tatu, na la hatari kuliko yote, ni salfaidi. Kostiki inaposhika salfa huifunga ndani ya maji katika umbo la salfaidi. Hali hiyo hutokea katika kusafisha mafuta ghafi, lakini si huko tu. Viwanda vya nguo vinavyotumia rangi za salfa, hasa rangi nyeusi, huwa na majitaka ya namna hiyo. Viwanda vya ngozi, ambavyo hutumia chokaa pamoja na salfaidi kung'oa manyoya, vinayo pia. Maadamu maji ni makali, salfaidi hutulia. Asidi ikimiminwa, salfaidi hufunguka na kutoka kama hewa ya haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai bovu.

Hewa hiyo huua. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hujikusanya katika mashimo, matangi na mitaro. Ikiwa kidogo, pua huinusa. Ikizidi, hulemaza uwezo wa kunusa, na mfanyakazi hudhani imekwisha ilhali imeongezeka. Anayeingia katika tangi au shimo kumwokoa mwenzake bila vifaa vya kupumulia mara nyingi huanguka juu yake. Kwa hiyo asidi inayokusudiwa kutibu maji inaweza kuwa ndiyo inayoua, ikiwa mpangilio wa hatua si sahihi.

FUNZO KUTOKA ABIDJAN

Mwaka 2006 ulimwengu ulishuhudia madhara ya kostiki iliyotumika kuachwa bila kutibiwa. Meli iitwayo Probo Koala ilitumiwa kuosha mafuta machafu yenye salfa nyingi kwa kostiki ikiwa baharini. Mabaki yalibaki melini. Meli ilipofika Amsterdam, Uholanzi, sehemu ya taka ilishushwa, lakini mhudumu alipoona uchafu ulivyo alidai malipo makubwa zaidi. Taka zikapampiwa tena melini.

Mwezi Agosti mwaka huo meli ilitia nanga Abidjan, Côte d'Ivoire. Takriban meta 500 za ujazo za taka zilikabidhiwa kampuni ya huko, ambayo haikuwa na uwezo wa kuzitibu. Usiku, malori yalizimwaga sehemu mbalimbali za mji, likiwemo jaa la Akouédo. Wakazi waliamka wakikosa pumzi, wakitapika na kuumwa kichwa. Kwa takwimu za serikali ya nchi hiyo, watu 15 walifariki na zaidi ya 100,000 walitafuta matibabu. Wenye shehena walikana kwamba taka hizo zingeweza kuua, na kesi zilifuata katika nchi kadhaa.

Viwanda vya Kiambu si meli ya mafuta, na majitaka yake mengi hayana salfa kwa kiasi hicho. Lakini mwenendo wa tukio ni ule ule unaoweza kutokea popote: gharama ya kutibu ilionekana kubwa, taka zikapewa mtu wa bei nafuu asiye na mtambo, na lori likafanya kazi usiku. Taka haikutoweka. Ilihama tu kutoka kwa aliyeitengeneza kwenda kwa asiyejua lolote.

HATUA ZA KUTIBU KWA MPANGILIO

Matibabu mazuri ya kostiki iliyotumika hufuata mpangilio. Kila hatua huandaa inayofuata.

Hatua ya 1: Kutenga. Kostiki iliyotumika ikusanywe katika tangi lake, isichanganywe na maji ya kuoshea sakafu, maji ya mvua au ya vyoo. Kikombe cha kostiki kali ni rahisi kutibu kuliko pipa la maji yaliyochanganyika nayo. Maji yenye salfaidi yawe na mfereji wake, mbali kabisa na mfereji wa asidi.

Hatua ya 2: Kuchuja na kutuliza. Lebo, nyuzi na takataka huzuiliwa kwa chekeche. Mafuta huelea na kuenguliwa, mashapo hushuka chini. Katika viwanda vya vinywaji, karatasi zenye ngozi ya alumini zitolewe mapema, kwa maana alumini ikikutana na kostiki hutoa hewa ya haidrojeni inayoweza kulipuka.

Hatua ya 3: Kurudisha. Kostiki ambayo bado ina nguvu hurudishwa kazini kabla ya kufikiria kuimwaga. Hatua hii imeelezwa hapa chini.

Hatua ya 4: Kuondoa salfaidi, kama ipo. Kazi hii hufanywa maji yakiwa bado makali, kabla ya asidi. Viwanda vya ngozi hupuliza hewa ndani ya maji hayo pamoja na salfeti kidogo ya manganizi inayoharakisha kazi, hadi salfaidi igeuke kuwa aina za salfa zisizotoa hewa ya sumu. Viwanda vya mafuta ghafi hutumia hewa chini ya joto na mgandamizo mkubwa. Kuna pia mitambo inayotumia bakteria wanaokula salfaidi.

Hatua ya 5: Kupoza. Kinachobaki hushushwa makali. Kiwanda cha maziwa kinaweza kuanza na asidi yake chenyewe ya kusafishia, kwa kuziacha asidi na kostiki zilizotumika zikutane taratibu katika tangi la kusawazisha. Njia nyingine ni kutumia hewa ya ukaa, hata ile inayotoka katika bomba la moshi la boila ikiwa imesafishwa. Hewa hiyo ina faida moja kubwa: hata ikizidishwa, haiyafanyi maji kuwa asidi kali. Asidi ya salfuriki ikizidi kidogo, pH huporomoka ghafla, na maji yaliyokuwa makali upande mmoja huwa makali upande wa pili.

Hatua ya 6: Bakteria. Maji yaliyopoa hupelekwa kwenye bwawa au tangi la bakteria ili mafuta, wanga na protini zilizobaki ziliwe.

Hatua ya 7: Kupima na kuachilia. Maji hupimwa vipimo vyote vilivyo katika leseni, kisha huachiliwa polepole na kwa usawa badala ya kufunguliwa yote kwa mkupuo.

KOSTIKI INAVYORUDISHWA KAZINI

Kostiki haichoki yote mara moja. Baada ya kusafisha mabomba, sehemu kubwa bado ni kostiki nzima, ila imebeba uchafu. Kuna njia nne za kuirudisha.

Ya kwanza ni tangi la akiba. Kostiki iliyomaliza mzunguko hurudi tangini, uchafu hutulia, nguvu yake hupimwa, na nyongeza ndogo ya kostiki mpya hutiwa. Kifaa kinachopima jinsi maji yanavyopitisha umeme huonyesha ni wakati gani kinachopita bombani ni kostiki na ni wakati gani ni maji ya kusuuza, ili valvu igeuzwe kwa wakati wake. Hii ndiyo njia ya bei nafuu zaidi, na hata kiwanda kidogo kinaimudu.

Ya pili ni kuishusha ngazi. Kostiki dhaifu kwa kazi moja bado inatosha kwa nyingine. Maji ya kusuuza kitambaa baada ya mesaraizesheni huwa na kostiki ya asilimia 4 hadi 6. Haitoshi kwa mesaraizesheni tena, lakini inafaa sana kuchemshia pamba.

Ya tatu ni kichujio cha utando. Kostiki husukumwa kupitia utando wenye matundu madogo mno ambayo huruhusu kostiki ipite na kuzuia mafuta, protini na rangi. Kinachotoka upande wa pili ni kostiki inayokaribia kuwa safi. Utando huo lazima uwe wa aina inayostahimili kostiki ya moto, na unahitaji uchujaji mzuri wa awali, la sivyo huziba.

Ya nne ni kuchemsha ili maji yapungue. Katika kilo 100 za kostiki ya asilimia 5 mna kilo 5 tu za kostiki yenyewe. Ili ifike asilimia 25, ni lazima kilo 80 za maji zigeuke mvuke. Hiyo ni nishati nyingi. Viwanda vikubwa vya nguo hupanga vyombo vya kuchemshia kwa mfululizo, mvuke wa chombo kimoja ukipasha moto chombo kinachofuata, ili kuni au mafuta yatumike mara moja na kazi ifanyike mara kadhaa. Kiwanda kidogo kisicho na mvuke wa ziada hakitafaidika na njia hii.

Ipo kasoro moja ambayo hakuna kichujio kinachoiondoa. Kostiki hushika hewa ya ukaa na kugeuka polepole kuwa soda hafifu, jamaa ya magadi. Dawa yake ni ile ya kale: chokaa. Chokaa hurudisha soda hafifu kuwa kostiki na huacha tope jeupe, ambalo ni madini yale yale ya chaki. Hivyo ndivyo viwanda vikubwa vya karatasi vinavyofanya. Mbao hupikwa kwa kostiki na salfaidi, maji meusi yanayotoka hukaushwa na kuchomwa ndani ya boila maalumu, majivu huyeyushwa majini, na chokaa hurudisha makali. Kiwanda cha karatasi cha Webuye, Kaunti ya Bungoma, kilitengeneza karatasi kwa mtindo huo wa kupika mbao. Ni kwa sababu ya kurudisha kostiki ndipo aina hiyo ya upishi huwezekana kibiashara.

MFANO WA HESABU

Tuseme kiwanda hutoa lita 10,000 za kostiki iliyotumika yenye nguvu ya asilimia 2. Ndani yake mna takriban kilo 200 za kostiki.

Kikiipoza yote kwa asidi ya salfuriki, kitahitaji kilo 245 za asidi halisi, na kitaachilia kilo 355 za chumvi. Kitakuwa kimenunua kostiki mara moja na asidi ya kuiharibu mara ya pili.

Kikirudisha asilimia 80, kilo 160 za kostiki zinarudi kazini. Kilo 40 zilizobaki zitahitaji kilo 49 za asidi, na chumvi inayokwenda mtoni au kwenye bomba la majitaka itakuwa kilo 71. Mto hupumzika, na kiwanda hupunguza bili mbili kwa wakati mmoja. Ndiyo maana wataalamu husema mtambo wa kurudisha uhesabiwe kwa pesa unazookoa kila mwezi, pamoja na bei ya kuununua.

SHERIA INASEMA NINI

Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa, hata kama hawezi kuonyesha kwamba yeye binafsi ameumia. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inafuata kanuni kwamba anayechafua ndiye anayelipa.

Kiwanda kinachomwaga majitaka katika mazingira huhitaji leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA. Kinachomwaga kwenye bomba la umma huhitaji idhini ya kampuni ya maji inayomiliki bomba hilo. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 ziliweka pH ya 6.5 hadi 8.5 kwa maji yanayokwenda mtoni, na 6 hadi 9 kwa yanayoingia katika bomba la umma. Ziliweka pia mipaka ya salfaidi, mafuta na mahitaji ya oksijeni. Kwa maneno mengine, sheria yenyewe haijawahi kuridhika na pH pekee.

MASWALI YA KUULIZA KATIKA KIKAO CHA UMMA

Kiwanda kipya kinapopendekezwa, au cha zamani kinapotaka kupanuliwa, wakazi hualikwa kutoa maoni. Maswali haya matano yanatosha kumtambua aliyejiandaa:

1. Je, kostiki iliyotumika ina tangi lake, au inachanganywa na majitaka mengine?
2. Kiasi gani kitarudishwa kazini, na kwa njia gani?
3. Je, kuna salfaidi? Kama ipo, itaondolewa kabla ya asidi kutiwa?
4. Ni vipimo gani vitafanywa mbali na pH, na matokeo yatapatikana wapi?
5. Tope na mabaki yatachukuliwa na nani, na mchukuzi huyo ana leseni na mtambo wa kuyatibu?

Swali la tano lisidharauliwe. Ndilo ambalo Abidjan halikujibiwa.

KWA WATENGENEZAJI WADOGO WA SABUNI

Vikundi vingi vya akina mama na vijana hutengeneza sabuni nyumbani kwa kostiki. Kwao pia usalama ni uleule kwa kipimo kidogo. Kostiki hutiwa ndani ya maji baridi polepole. Maji hayamiminwi juu ya kostiki, kwa sababu huchemka na kuruka. Glavu na miwani vivaliwe. Sufuria za alumini zisitumike. Kostiki isihifadhiwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, maana watoto hawatofautishi. Mabaki yatumike katika utengenezaji unaofuata badala ya kumwagwa kwenye mtaro.

Kostiki ikimrukia mtu machoni au mwilini, nguo zilizolowa zivuliwe na sehemu hiyo ioshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 20, kisha aende hospitali. Ndimu au siki isitiwe juu ya jeraha. Aliyemeza asitapishwe, akimbizwe hospitali mara moja.

MKAZI AKIONA DALILI

Povu lisilo la kawaida, maji yanayoteleza kama ya sabuni, rangi ya ghafla, samaki wanaoelea au harufu ya yai bovu ni dalili za kuripotiwa. Mkazi asiguse maji hayo wala kuingia katika shimo au mtaro wenye harufu hiyo. Mifugo iondolewe mtoni. Aandike mahali, tarehe na saa, apige picha akiwa mbali, na apeleke taarifa kwa afisa wa mazingira wa kaunti ndogo, ofisi ya NEMA, kampuni ya maji au kwa chifu. Saa ni muhimu sana, kwani shehena ya kostiki hupita na mkondo, na afisa akichelewa hupima maji yaliyokuja baadaye.

Shule zenye maabara zinaweza kusaidia vijiji vyao. Karatasi nyekundu ya litmasi hugeuka buluu ikiguswa na alikali, na karatasi ya pH huonyesha kadiri ya makali. Kipimo hicho hakitoshi mahakamani, lakini kinatosha kumwita afisa mapema. Na kikisoma 7 huku maji yakinuka na samaki wakielea, taarifa ipelekwe vilevile. Huenda makali yamepozwa, lakini maji hayajasafishwa.